Nilimpiga mtani wa baba msibani kwa ajili ya Tezo

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada, na naomba kabla hujaniita mwendawazimu unisome mpaka mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe najaribu kujielewa hii ni wiki ya tatu na sijafika popote. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Msalato, Wagogo, watu wa kanisani, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha kule Kizota, pombe sinywi, polisi sijawahi kulala, ngumi sijamrushia mtu tangu darasa la tano, lakini siku ya kumzika baba yangu mzazi nilimpiga mdomoni mzee wa miaka sitini na nane, mbele ya jeneza, na sikumpiga kwa sababu ya baba. Maneno mabaya juu ya baba aliyasema asubuhi nzima na mimi nilicheka pamoja na watu wengine. Nilimpiga kwa sababu ya mwanamuziki.

Mwanamuziki mwenyewe anaitwa Tezo, huenda wewe humjui, anachana mistari, alianzia hapo hapo Kizota kwenye useremala kabla hajahamia Dar, na sisi mashabiki wake tunajiita Karakana, tuna kundi la simu la watu mia nne na kitu na mimi ni mmoja wa viongozi, kazi yangu humo ni kujibu, yaani mtu yeyote akiandika mahali kwamba Tezo ameishiwa au Tezo kaiba mdundo, naitwa, nakwenda, namjibu mpaka anafuta, na kuna siku nilimaliza muda wote wa chakula nikibishana na mtu wa Mbeya ambaye mpaka leo sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Alama yetu ni mkono wazi, vidole vitano juu, ukimwona mtu amepiga picha hivyo ujue ni ndugu.

Nitakueleza kwa nini. Baba yangu, Mzee Stanley, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, mkulima wa alizeti na mtama, mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu kwa sababu viwili vilikwenda na mashine ya kukamua alizeti wakati mimi bado mdogo, na matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka alipanda baiskeli akaenda shuleni kuyatazama mwenyewe yalipobandikwa, nilikuwa nimepata sifuri, akarudi, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye kigoda, hakunipiga, hakunigombeza, alinyamaza tu, na alininyamazia hivyo mpaka mavuno, halafu asubuhi moja akaniambia, "Vaa viatu," akanipeleka Kizota kwa fundi, akamwambia fundi, "Mfundishe huyu," akageuka akaondoka. Hakuna siku nyingine tuliyolizungumza jambo hilo mpaka amekufa.

Sasa katika miezi ile ya kunyamaziwa ndipo niliposikia wimbo wa Tezo redioni kwa mara ya kwanza, na ubeti wake wa kwanza unakwenda hivi:

Karatasi ukutani, jina langu la mwisho,
Shangazi kaja mbio na fungu la vitisho,
Mzee kakaa kimya, kimya chenye kutisha,
Sifuri niliyopewa nikaigeuza maisha.

Mshauri, nilisimama barabarani na ndoo ya maji kichwani nikalia, nilidhani kuna mtu kamweleza habari zangu, na tangu siku hiyo, miaka minane, anayemgusa Tezo amenigusa mimi, ndivyo nilivyo, sijui kama ni ugonjwa.

Turudi msibani. Baba alikuwa na mtani wake, Mzee Swedi wa Makole, Mnyamwezi, Mwislamu, anauza viungo na ugoro sokoni, babu yake alikuja huku na misafara ya zamani. Hao wawili walikuwa watani tangu ujana wao na kila msiba wa kwetu Mzee Swedi ndiye anayekuja kufanya kazi ya mtani, na siku ile alifika saa mbili asubuhi, akamwomba mama koti la kaki la baba, kofia yake na fimbo yake, akavaa, akaanza. Alitembea uani kama baba anavyotembea, mguu mmoja ukichelewa, alikohoa kama baba, akaenda kwenye jeneza akaligonga kwa fimbo akasema, "Stanley, amka bwana, jua limefika huku. Ameona mvua za mwaka huu zimekataa akaamua kufa, mvivu huyu, anakwepa palizi," na shangazi yangu akamjibu kutoka jikoni, "Kaa kimya wewe mpagazi, babu yako alitua mzigo hapa apumzike, mpaka leo hamjafika kwenu," watu wakavunjika mbavu, na mama yangu aliyekuwa hajala siku mbili akacheka mpaka akaomba maji. Na mimi nilicheka. Alipokwenda kulala kaburini akasema hatoki mpaka aletewe soda ya baridi sana, ni mimi niliyeikimbilia.

Aliporudi kutoka kaburini, kabla mchungaji hajafika, akakaa kwenye kigoda cha baba, bado na lile koti, akakohoa, akaanza kuimba. Mshauri, nilishtuka, kwa sababu alikuwa anaimba ubeti wa Tezo, lakini kwa sauti ya kizee, ya kukwaruza, polepole kama mtu anayesoma barua ya serikali, na aliinua mkono kama wanamuziki wanavyofanya lakini amekunja vidole viwili, wakati kila mtu anajua mkono wa Karakana ni vitano wazi, na alipofika pale pa "Mzee kakaa kimya" akakohoa, akatikisa kichwa, akarudi mwanzo. Watu wakacheka. Akarudia, akafika palepale, akakohoa, akarudi mwanzo. Mstari wa nne, ambao ndio wenye maana yote, hakuutaja hata kidogo, nikaona anaukata kwa makusudi ili Tezo aonekane mtu wa kulalamika tu. Mara ya tatu alipoinua ule mkono mbovu sikumbuki kunyanyuka, nakumbuka alivyokuwa chini, kofia imeviringika mpaka kwenye miguu ya jeneza, damu mdomoni na jino moja halipo.

Baba mdogo, Bartolomayo, alinishika bega, akaniuliza taratibu, "Obedi, unajua umempiga nani?" Nikamjibu, "Nimempiga mtu anayemdhihaki Tezo." Akanitazama, akaniachia bega, na hajasema nami tena mpaka leo.

Mzee Swedi alipelekwa zahanati akiwa bado amevaa koti la baba.

Mbaya zaidi inakuja, nivumilie. Mwenzangu mmoja wa Karakana aliyekuja kunifariji alikuwa anarekodi, jioni akairusha video kwenye kundi, wakaiwekea mdundo, wakaiita "Mlinzi wa Karakana", watu wakanipongeza, na kesho yake ukurasa wa Tezo mwenyewe ukairusha tena, umeandika, "Karakana hatuchezewi." Mshauri, nilifurahi. Baba ana siku moja ardhini na mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikaitazama ile video mara kumi na moja, nilizihesabu, na mara ya kumi na moja ndipo nilipoona kwamba nyuma ya ngumi yangu kuna jeneza na mama yangu ameshika kichwa. Tangu hapo sijafurahi.

Sasa arobaini inakaribia na tanga haliwezi kuanuliwa, kwa sababu kwetu mtani ndiye anayezima moto wa msiba, anayegawa nguo za marehemu na anayemnyanyua mjane mkekani, na watu wa Makole wameleta neno kwamba hakuna mtani atakayekanyaga kwetu, damu imemwagika. Mama amesema hatanyanyuka mpaka anyanyuliwe na mwenye kazi hiyo. Analala palepale mkekani. Dada yangu Erica hunipa chakula bila kunitazama. Baba mdogo anasema wazee wengine hawawezi kuingilia.

Ninachouliza ni hiki. Je, niende kuomba radhi, ingawa moyoni naona na yeye alikosea, kwa sababu kumtania marehemu ni mila lakini Tezo si marehemu na si mtani wake? Na mimi nina shida gani, mshauri, nilicheka baba yangu aliposemwa mvivu ndani ya jeneza, halafu nikapiga mtu kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuniona? Ukitaka kuhakikisha niliyoyaandika, namba ya Erica nimeiweka chini, usiichapishe.

Obedi, Msalato

Mshauri anajibu

Marahaba, Obedi. Pole kwa kufiwa na baba. Pole hiyo ni ya msiba tu. Kwa hayo mengine subiri kwanza.

Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na miwili kabla ya kupewa safu hii. Nimeandika ajali za mabasi, njaa, mahakama za mauaji. Sishtuki upesi. Barua yako niliisoma, nikaenda kuchemsha chai, nikairudia, na chai ikapoa. Kilichonishtua si ngumi. Vijana hupiga watu kila siku na sababu zao mara nyingi ni ndogo kuliko yako. Nitakuambia kilichonishtua, lakini kwa mpangilio.

Mazoea ya kazi hayaniachi, kwa hiyo kabla ya kuandika jibu nilipiga simu nne.

Ya kwanza ilikwenda kwa meneja wa Tezo. Alipokea vizuri sana, mtu mchangamfu. Nilimuuliza kuhusu video. Akasema, "Aa, ile ya ngumi? Ile imetembea, mama. Imetuletea wafuasi elfu tatu kwa wiki." Nikamuuliza kama wanamjua kijana mwenyewe. Akasema hapana, lakini wanaweza kumtumia fulana. Nikamuuliza kama wameliona jeneza lililoko nyuma. Akasema, "Jeneza gani?"

Sikuelezi haya ili umchukie Tezo. Tezo hakukutuma, na ukurasa wake unaendeshwa na watu ambao kazi yao ni kuhesabu vidole vinavyobonyeza. Wimbo wake nimeusikiliza. Ni mzuri, na kijana aliyeandika mistari ile aliwahi kuumia kweli. Lakini ulipaswa kujua tangu zamani kwamba mlango huo una upande mmoja. Wewe unamwona, yeye hakuoni, na hilo si kosa lake wala lako. Kosa linaanza pale unapojiajiri kuwa askari wake.

Unauliza una shida gani. Huna ugonjwa. Ulikuwa na miaka kumi na minane, nyumba nzima imenyamaza, na mtu mmoja redioni akasema kwa sauti kitu ambacho wewe ulikuwa unaona aibu hata kukifikiria. Mtu akikufanyia hivyo katika umri huo unampa kila ulicho nacho. Baadaye unakua, unapata kazi, unakuwa fundi mzuri, lakini yule mtoto mwenye ndoo kichwani unamwacha chini ya ulinzi wa mwanamuziki. Kwa hiyo anayemcheka Tezo, wewe unasikia anamcheka yule mtoto. Ndiyo maana hukubishana na mtu wa Mbeya juu ya muziki. Ulikuwa unabishana naye juu ya karatasi ya ukutani, na maskini huyo hakujua.

Na kwa baba ulicheka kwa sababu baba hakuhitaji mlinzi. Mila ilikuwa inamlinda. Hapo hujakosea chochote, usijilaumu kwa kicheko kile. Mama yako alikihitaji kuliko chakula.

Sasa nije kwenye kilichonishtua. Umeniandikia kurasa nne na jibu liko ndani yake, kwa mwandiko wako mwenyewe, na hukuliona. Unaniambia Mzee Swedi alivaa koti la baba yako, kofia yake na fimbo yake. Unaniambia alitembea kama yeye na kukohoa kama yeye. Unaniambia alirudi akakaa kwenye kigoda cha baba yako, "bado na lile koti," maneno yako hayo, akakohoa, akaimba. Mtani akivaa nguo za marehemu, Obedi, anakuwa nani? Wewe ni Mgogo wa Msalato, unaniuliza mimi? Hajavua koti, kwa hiyo kazi haijaisha. Kila anachofanya ndani ya koti lile ni cha mwenye koti.

Halafu unalalamika kwamba aliinua mkono na vidole viwili amevikunja, na alama ya Karakana ni vitano. Rudi ukurasa wako wa pili. Ni nani uliyemjua aliyekuwa na vidole vitatu mkono wa kulia?

Baba yako mdogo alikuuliza swali sahihi kabisa: unajua umempiga nani. Hakukufafanulia kwa sababu kila mtu uani pale alidhani unajua.

Sikutaka kukisia jambo kubwa kama hili, kwa hiyo simu ya pili ilikwenda kwa Erica, naye akanipa namba ya Makole. Hiyo ya tatu Mzee Swedi alipokea mwenyewe. Nilipomwambia natoka gazetini akasema, "Mwambie huyo Mgogo meno ya mbele yalikuwa mawili, moja bado lipo, akitaka kumaliza kazi aje asubuhi, jioni nina usingizi."

Nilimuuliza kwa nini alimdhihaki Tezo.

"Tezo ndiye nani?"

Nikamwambia ni mwenye wimbo ule aliouimba msibani.

"Mwenye wimbo ule ni Stanley," akasema. "Mimi nilikuwa naimba wimbo wa Stanley. Kazi yangu siku ile ilikuwa Stanley, mwanangu, sikuwa na kazi ya mtu mwingine."

Akanieleza. Kila Jumanne baba yako alipokuja mjini na alizeti alimaliza safari yake dukani kwa Mzee Swedi, wakanywa kahawa na kutukanana mpaka adhuhuri. Miaka mitatu iliyopita alianza kumwambia mjukuu wa mzee, binti anayeitwa Khairat anayeshika duka, "Niwekee ule wa kijana wangu." Hakujua jina la wimbo wala la mwimbaji. Aliujua kwa kuusikia ukivuja kwenye spika zako za masikioni ukiwa mezani.

Nilimwomba nizungumze na Khairat mwenyewe, kwa sababu kusikia kwa mtu na kushuhudia si sawa. Alisema hivi: "Babu Stanley alikuwa anajifunza, mama. Nilimuuliza wa nini, babu, wimbo wa vijana huu. Akasema nataka kujua mtoto anaambiwa nini masikioni. Alikuwa anaimba na simu, mkono juu, mkono wake ule. Ila alikwama palepale kila siku. Akifika 'Mzee kakaa kimya' anakohoa, ananiambia rudisha mwanzo."

Nikamuuliza kama aliwahi kuusikia mstari wa nne. Akafikiri. "Wimbo ulikuwa unaendelea," akasema, "lakini yeye alikuwa ameshainua mkono nirudishe."

Kwa nini alikomea hapo, sijui. Mzee Swedi naye hajui, alisema waziwazi kwamba hakuwahi kumuuliza, kwa sababu watani huulizana mambo yote isipokuwa ya kweli. Mimi sitakubunia. Ninachoweza kukuambia ni kile kilichothibitika: mtu aliyekunyamazia mpaka mavuno alitumia Jumanne za miaka mitatu akijifunza mistari mitatu, na wa tatu ulikuwa unamtaja yeye. Walijua mtani wake na Khairat tu. Mtani alikuletea jambo hilo siku ya mazishi, mbele ya watu wote, kwa njia pekee ambayo mila inamruhusu, na wewe ukalipiga mdomoni.

Kwa hiyo ondoa kabisa ile hoja yako kwamba "na yeye alikosea". Hakukosea chochote. Wala usiende kwake na radhi ya nusu nusu, ile ya "kama nilikuudhi". Umemng'oa mzee jino akiwa kazini.

Simu ya nne nilimpigia tena Mzee Swedi, kumuuliza kama atakuja arobaini. Akasema, "Mtani hagomi msibani. Hao wanaogoma kwa niaba yangu ni vijana, wana hasira za kuazima, kama huyo huyo wa kwenu." Alisema masharti yake ni matatu, na nimeyaandika alivyoyasema. Jogoo, "asiwe mgonjwa, nawajua Wagogo." Uje mwenyewe kulichukua koti, maana liko kwake, limefuliwa, Khairat amelifua. Na la tatu nitalitaja mwisho.

Sasa fanya hivi. Leo ni Jumapili, arobaini ni Jumamosi, una siku sita na hazitoshi kujihurumia.

Leo hii, kabla hujala, mpigie yule mwenzako aliyerekodi, aifute video, na usikate simu mpaka aifute. Meneja wa Tezo nimeshamwandikia kuhusu jeneza na mama yako; ameahidi kuiondoa, lakini ahadi ya mtu mchangamfu ifuatilie mwenyewe. Kisha toka kwenye uongozi wa kundi. Usiandike tangazo refu, usiage, toka tu. Muziki endelea kuusikiliza, hakuna anayekuzuia kumpenda mwanamuziki. Kazi ya kumjibia acha. Ana mdomo wake, tena ndio unaomlisha.

Halafu keti na mama yako mkekani umsomee gazeti hili, sehemu ya Khairat usiiruke. Usimweleze kwa maneno yako, maneno yako kwa sasa hayaaminiki. Baba yako mdogo na Erica wawepo.

Jumanne nenda Makole. Nimechagua Jumanne na unajua kwa nini. Nenda na Bartolomayo, maana radhi ya damu kwenda nayo kijana peke yake haina uzito, na nenda na jogoo. Gharama ya jino ni yako, hilo usingoje uambiwe. Ukifika, shikamoo kwanza, kisha kaa chini kuliko yeye. Atakutania. Atakuita bondia, atakuita majina mengine ambayo gazeti hili halichapishi, atamwita mkewe aje akuangalie. Cheka. Kama huwezi kucheka, rudi nyumbani ukajifunze kwanza. Siku ukianza kupima utani kwa kipimo cha kundi lenu la simu, ambako kila neno ni tusi na kila tusi lina askari wake, ujue umeacha kuwa mtu wa kwenu.

Jumamosi atakuja. Atalivaa koti kwa mara ya mwisho kabla ya kuligawa, kwa sababu kazi uliyoikatiza haijaisha na mzee huyu ni mtu wa kumaliza kazi. Atakaa kwenye kigoda. Atakohoa. Atainua mkono wa vidole vitatu. Wewe kaa mkekani karibu na mama yako, mikono yako iwe mapajani, na utazame, maana ni dakika chache tu na hazirudi.

Atafika mstari wa tatu na atasimama hapo, kwa sababu hajui zaidi. Hilo ndilo sharti lake la tatu. "Baba yake hakunifundisha wa nne," aliniambia. "Aje aumalizie yeye."

Usiuchane kwa mbwembwe. Useme tu, wausikie.